Wamarekani Watatu na Kuku wa Bibi

Paroko alininyang'anya ufunguo wa ukumbi kwa sababu ya sadaka. Jumapili hiyo nilikuwa naipigia kwaya kinanda cha umeme, na waumini walipopanga foleni kwenda kutoa, niliweka mdundo wa singeli chini ya wimbo. Kidogo tu. Foleni ambayo huchukua robo saa iliisha kabla hatujafika ubeti wa tatu. Mzee mmoja wa kigango alipita kwenye kapu mara mbili kwa sababu ya kasi. Mimi niliona nimeisaidia parokia. Paroko aliona vingine.

Ukumbi huo ndio wenye piano. Waliiacha wamisionari wa zamani, na vitufe vyake viwili havitoi sauti tangu masika fulani maji yalipoingia. Nilikuwa naenda kila jioni nikitoka shule. Niko kidato cha tatu, na darasani kila nikifungua mdomo watu wanacheka, hata nikiomba ruhusa ya kwenda chooni kwa shida ya kweli. Kwenye piano hakuna aliyewahi kunicheka. Labda kwa sababu hakukuwa na mtu. Hata hivyo, nilipopokonywa ufunguo nilishindwa kula siku mbili, nikamwambia mama ni malaria.

Aliyeniombea msamaha ni mwalimu wetu wa kujitolea, dada Mmarekani tunayemwita Madam. Alitaka kabla hajarudi kwao niwapigie watu muziki wa watunzi wa nchini kwake, peke yangu, mwanzo mpaka mwisho.

"Sawa, apige," Paroko alisema. "Lakini nikisikia kicheko ndani ya ukumbi wangu, kimoja tu, ufunguo asahau mpaka amalize shule."

"Na kama aliyecheka si yeye, Baba?" Madam aliuliza.

"Yeye hachekagi. Yeye anachekesha."

Basi nilifanya mazoezi wiki nyingi, Madam akishika ufunguo kama askari magereza. Watunzi walikuwa watatu. Wa kwanza aliandika muziki wa kurukaruka uliokuwa ukipigwa kwenye baa za kwao zamani, lakini Paroko tulimwambia ni muziki wa kihistoria. Wa pili alichukua nyimbo za kanisani na kuzipinda kidogo. Wa tatu alipenda kimya. Unapiga sauti chache, unainua mikono, unasubiri, unahesabu moyoni, ndipo unaendelea. Madam alisema kimya nacho ni muziki. Nilimwuliza kama naweza kukitumia kwenye mtihani wa hesabu.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa. Nilivaa suti ya mjomba, ambaye ana mabega mengi kuliko mimi. Rafiki yangu wa dawati moja alinivuta pembeni.

"Oya mwanangu, leo utafanya nini?"

"Nitapiga piano."

"Najua. Lakini utafanya nini?"

"Ukicheka nimekwisha. Umenielewa?"

"Sasa unanichekesha."

Bibi yangu alifika kwa bodaboda kutoka Mofu, vumbi mpaka kwenye kope, kuku kwapani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umevaa kama unakwenda kuzikwa?"

"Huyo kuku wa nini?"

"Kaa hapo uulize maswali. Nenda kapige."

Madam alisimama mbele akaeleza, kwa Kiswahili kizuri tu, kwamba watu wakae kimya, wasipige makofi mpaka mwisho na wasitembeetembee. Watu wa Ifakara wana heshima. Walitii wote, wakakaa kama wanasubiri majibu ya damu.

Shida ni kwamba huku kwetu mtu akifanya vizuri hasubirishwi. Unainuka ukicheza, unamfunga kitenge papo hapo, kazi ikiwa inaendelea. Ukiona umati umetulia tuli, ujue mtu ameharibu.

Mmarekani wa kwanza alipita salama. Niliona miguu chini ya mabenchi ikigombana na wenyewe. Wa pili alipita, isipokuwa mama mmoja wa kwaya alianza kumfuata kwa sauti akatulizwa kwa kiwiko. Kisha akaja wa tatu. Nilipiga sauti zangu chache, nikainua mikono, nikasubiri.

"Jamani!" Nilimjua Bibi bila kugeuka. "Mtoto anapiga mpaka anakata tamaa, hakuna hata mmoja wa kumtuza?"

Alikuja mbele akicheza polepole, muziki wenyewe haupo. Akanifunga kitenge mabegani. Akamlaza kuku juu ya piano, miguu imefungwa kamba.

"Endelea, mume wangu. Mimi nipo."

Niliendelea. Mama wawili wengine waliona aibu, wakafuata. Kitenge cha pili kilikaa juu ya cha kwanza. Cha tatu kilitua kichwani na kunifunika jicho la kushoto. Rafiki yangu alikuwa ameng'ata kola ya shati lake. Madam alisoma karatasi ya ratiba, upande usioandikwa. Hakuna aliyecheka.

Kikafika kimya kirefu kuliko vyote. Mikono juu. Moja, mbili, tatu.

"Ko?" alisema kuku.

Nne, tano. Kuku alifikiri.

"Ko."

Kicheko kilitoka benchi la mbele. Kilianza kwa filimbi ya puani, kikashuka tumboni, kikakaa huko muda mrefu. Ukumbi mzima ulimgeukia Paroko. Hakuna aliyemsaidia kucheka, maana tulikuwa tumekatazwa. Alitoa leso akaanza kukohoa, lakini kikohozi hakina mwendo ule. Nilipomaliza kuhesabu nilipiga sauti zilizobaki, nikasimama, nikainama kama nilivyofundishwa. Kitenge cha kichwani kikadondoka.

Aliniita barazani.

"Nimesikia kicheko," alisema.

"Hata mimi, Baba."

"Ulikiona kimetoka wapi?"

"Sikuona, Baba. Nilikuwa na kitenge machoni."

Alinitazama muda mrefu. Nilihesabu mpaka saba.

"Singeli tena?"

"Hapana, Baba."

"Na yule kuku ni wa nani?"

Bibi alikuwa nyuma yangu. "Wa mume wangu. Ametuzwa."

"Ni wa parokia," nilisema haraka. Bibi alinifinya mgongoni, lakini suti ya mjomba ni nene.

Paroko aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo alikuwa nao siku zote. Madam alikuwa akipewa na kurudisha.

Sasa naenda kila jioni, kama zamani. Bibi bado anawaambia watu wa Mofu kwamba Wamarekani wanajua muziki, ila watu wa Ifakara hawana shukrani. Kuku hatujaonana tena.