Fundi na Kurasa Zilizochanika

Fundi cherehani wa mtaa wetu hushona huku akisoma. Riwaya huiegemeza kwenye kopo la vifungo, miguu ikikanyaga pedeli, midomo ikicheza kimyakimya. Akifika penye kifo, cherehani husimama, naye hutuambia sisi wateja, "Subirini kidogo jamani, humu ndani kuna msiba," na hakuna anayethubutu kumharakisha.

Aliacha shule mama yao alipofariki, akawalea wadogo zake kwa kushona. Juzi kitindamimba wao, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja kujaribu gauni lake la harusi. Dada mtu alipopiga magoti kukunja pindo, bibi harusi akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, hujawahi kujuta?"

Fundi akatoa pini mdomoni. "Nililia sana, mdogo wangu. Halafu nikaokota kitabu, nikamkuta humo binti aliyeachiwa nyumba na wadogo wa kulea kama mimi. Nikasema, ngoja nimwone huyu mwenzangu ataishia wapi."

"Akaishia wapi?"

"Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Ikabidi nimalizie mwenyewe."

Akamgeuza taratibu, akamtazama toka utosini hadi unyayoni, machozi yakimlengalenga. "Simama wima," alisema, "simama wima, mwanangu."