Kasi ya Jeti Siku ya Posa

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo mke wangu atakwambia bila kuulizwa. Mwezi uliopita tulipotoka Kasese kwenda Bwera kumposea kijana wetu, alinionya mara tatu. "Mzee, leo mshenga ndiye anasema. Wewe kazi yako ni kumeza mate." Ndiyo desturi. Baba wa kijana akifungua mdomo kabla posa haijapokelewa, amewatukana wenyeji, na mbuzi wake wanarudi naye nyumbani.

Nilimeza mate vizuri tu, mpaka mshenga wetu akanisifu kwamba nilikuwa jeshini, kwenye ndege za vita. Baba wa msichana, mzee wa kofia ya sufu, akachangamka.

"Kumbe afande! Hata miye nilikuwa kambini. Ile jeti ilikuwa nakimbia kilomita elfu moja na mia tano kwa saa."

Elfu moja na mia tano! Jeti hiyo au trekta? Damu ikanipanda.

"Elfu mbili na mia tatu!" nikafoka.

Mke wangu akanifinya paja. Shangazi mmoja, aliyekuwa anatupiga video kwa simu, akasogea karibu.

"Weye iko mutu ya uongo," mzee akasema, tayari amesimama. "Beba mbuzi zako."

"Mwongo ni wewe!" Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya mama wa msichana na ugali wake wa muhogo.

Hapo msichana mwenyewe akaingia na maji ya kunawa. Akapiga magoti. "Baba zangu, kati yenu nani aliipanda hiyo ndege?"

Lo! Nikamtazama mwanangu. Tangu utoto wake nilikuwa namlisha ile elfu mbili na mia tatu, na sasa macho yamemtoka, mke anampotea. Aibu ilinichoma, sikatai.

"Mimi nilikuwa mfuta vioo," nikasema. "Miaka tisa nilifuta ile mita ya spidi mbele ya kiti cha rubani. Kila siku mshale niliukuta kwenye sifuri. Elfu mbili na mia tatu ndiyo namba ya mwisho iliyoandikwa pale."

Mzee akakaa polepole. Akavua kofia.

"Miye nilikuwaka mupishi," akasema. "Rubani alikuwa naacha chai ku meza, anaruka, anarudi, chai iko bado moto. Ile elfu moja na mia tano nilipiga hesabu na kikombe."

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka, halafu nyumba nzima. Mwanangu alicheka huku anapangusa machozi.

"Mbuzi zibaki," mzee akamwambia mshenga. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na kikombe kinachofuka moshi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Kunywa mbio, afande. Rubani iko narudi."