Gazeti la Darasa la Tano Lililohamia Kwenye Mizani

Nilipokuwa mwalimu kijana upande wa Kishapu, miaka ya tisini, darasa langu la tano lilikuwa na gazeti la ukutani: karatasi ya manila, gundi ya uji, na habari ambazo watoto waliziandika wenyewe kila wiki. Nililipenda gazeti lile kupita kiasi. Ila hakuna mzazi aliyelisoma, na mwalimu mkuu alishanionya kwamba wazazi wasipoanza kulisoma kabla ya mwaka kwisha, manila zitaenda kwenye chati za hesabu.

Nikawaita wazazi. Kumbe kule mzazi akiitwa shuleni anajua ni mchango au kesi. Alikuja mama mmoja tu, ameshika kuku miguuni. Akaniamkia shikamoo, mimi wa umri wa mwanawe.

"Mwalimu, sijui mwanangu kakosa nini, lakini pokea huyu yaishe."

Nikamweleza kwamba nilitaka asome tu. Akautazama ukuta kwa mashaka, akaniachia kuku, akaondoka. Kuku alikuwa mtamu.

Msimu wa pamba ulipofika, wazazi wote walikuwa gulioni, wakisubiri zamu ya kupimiwa pamba kwenye mizani tangu asubuhi. Nikalitundika gazeti kwenye ukuta wa ghala. Wengi hawakujua kusoma, basi nikamwomba karani wa mizani awasomee, naye alipenda sana kusikika.

Akafika kwenye habari ya msichana mmoja: "Baba yangu ni hodari. Kabla ya kupeleka pamba gulioni, huimwagia maji kidogo isishikwe na kiu njiani."

Foleni nzima ikacheka hadi watu wakashika mbavu. Karani akaacha kusoma, akayatazama magunia yaliyosubiri kupimwa uzito. Baba mwenyewe alikuwa palepale, amekalia la kwake. Akainuka taratibu, akalirudisha kwenye mkokoteni wa punda.

"Naona bado haijakauka," akasema, akaenda zake.

Mimi sikucheka. Nilimwogopea yule msichana, maana baba aliyeaibika mbele ya kijiji angeweza kumchapa, au hata kumwachisha shule.

Kesho yake baba akaja shuleni, na nyuma yake kundi la wazazi, kila mmoja akitaka kujua mwanawe kaandika nini kabla karani hajakisoma. Mwalimu mkuu alitabasamu kama bwana harusi. Baba akaniomba nimsomee tena habari ile, polepole.

"Sawa, ni kweli," akasema. "Lakini mwaka jana alipougua nilimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati, mvua yote inatunyeshea. Hilo mbona hajaandika?"

"Mwulize mwenyewe, baba."

Wiki iliyofuata hilo la baiskeli likaandikwa. Baba akarudi gulioni na pamba kavu, akasimama kando ya gazeti, akimwomba kila ajuaye kusoma amsomee hapo, kidole kikiwa juu ya mstari wenyewe. Binti yake alipopita hapo akitoka shuleni, naye akaombwa. Akasoma kwa sauti ndogo, na baba yake akasikiliza kama mtu anayeisikia habari ile kwa mara ya kwanza.