Mkono Umelala, Mwenyewe Macho

Pamba iliyolowa spiriti inagusa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mwanamume aliyelala juu ya meza ya upasuaji anatazama dari.

"Baridi?" anauliza muuguzi wa usingizi.

"Hakuna."

Pamba inahamia kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Hakuna, hakuna, hakuna. Daktari wa mifupa, ambaye ameshanawa na kuvaa glavu, anainua nyusi kuuliza kama waanze.

"Bado kidogo, Daktari."

Muuguzi anazunguka meza. Anaushika mkono wa kushoto, ule mzima, usiochomwa sindano yoyote, na kuugusa ncha za vidole kwa pamba ileile.

"Baridi?"

"Hakuna."

Mgonjwa anageuza shingo, macho yamemtoka. "Sista, mbona na huo umekufa?"

Haujakufa. Mwenye mikono hiyo ni mwokaji mikate. Tangu ujana wake anachomoa trei kwenye tanuri kwa kitambaa kilichochakaa, na ncha za vidole vyake zimekuwa sugu kama kisigino. Baridi ya spiriti haizifikii, ganzi iwepo isiwepo. Majibu yake yote yalikuwa ya kweli, na yote hayakumsaidia muuguzi chochote.

Muuguzi huyu ana umri wa miaka arobaini na sita, na wenzake humwita Mama Ganzi. Kazi yake ni kuulaza mkono bila kumlaza mwenye mkono. Hupitisha sindano shingoni au kwapani, hadi kando ya mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, na kuizungushia dawa. Mkono hupoteza hisia kuanzia bega au kiwiko kwenda chini. Mwenyewe anabaki macho, anapumua kwa nguvu zake, akitaka anapiga soga.

Kwa mwokaji huyu, kupumua ndilo jambo lenyewe. Vumbi la unga limemletea pumu. "Unga umenipa nyumba na umenipa kifua hiki," anasema. Siku alipoteleza mlangoni mwa kiwanda na kuvunja mifupa yote miwili chini ya kiwiko, kifua kilikuwa kimembana wiki nzima. Kumlaza usingizi mzito na kumpitishia mpira kooni kungeweza kukibana kabisa. Kumwacha bila upasuaji kungefanya mifupa iunge upande, na kiganja kisingegeuka tena kutazama juu. Mwokaji asiyeweza kugeuza kiganja hawezi kubeba trei.

Jana yake alikaribia kutoroka wodini.

"Nikae macho huku mnanitoboa kwa drili?" alimwambia Mama Ganzi. "Mimi si ukuta."

"Kaka, nimekuambia utakuwa macho. Sijakuambia utaumia."

"Na nikisikia?"

"Unasema, tunaacha. Hapohapo. Hiyo ni ahadi yangu kwako."

Kwa ahadi hiyo mwokaji alirudi kitandani. Na sasa, kwa ncha hizo za vidole, Mama Ganzi hana njia ya kujua kama ataweza kuitimiza.

Utaratibu wake wa kila siku ni kuanza na mkono mzima, kabla hata ya kuvuta dawa kwenye bomba, ili ajue mgonjwa husikia nini siku za kawaida. Leo ameuruka. Mashine ya altrasaundi, inayomwonyesha mishipa ilipo, ni moja kwa hospitali nzima, na wodi ya wazazi ilikuwa imeshaiulizia mara mbili.

"Niliharakishwa, nikaharakika," analiambia gazeti hili, bila kujitetea.

Anarudi upande wa kulia. Safari hii anaacha vidole na kupitisha pamba kwenye ngozi laini ya mkono, chini ya kiwiko, upande wa kidole cha mwisho.

"Aaah! Hapo baridi, Sista. Baridi kabisa."

Ndipo hasa kisu kitakapopita. Daktari anakunja mikono yake kifuani. "Endelea, Mama," anasema. "Mimi mfupa haunikimbii."

Dawa ipo. Mama Ganzi hamalizi kipimo chote kwa mkupuo mmoja, huacha akiba kwa ajili ya siku kama hii. Kinachokosekana ni mashine, ambayo mkunga wa wodi ya wazazi ameshaisukuma hadi mlangoni.

"Irudishe, tafadhali."

"Mama Ganzi, nina mama wa mapacha kule. Hatujui wa pili kakaaje."

"Ameanza kusukuma?"

"Bado."

"Basi nisubiri ninywe chai moja."

"Chai yako naijua mimi. Huwa inafika mchana."

"Leo nakunywa nimesimama."

Mkunga anacheka na kuirudisha, ila waya wake hauachii mkononi. Mama Ganzi anaweka kichwa cha mashine kwapani mwa mwokaji na kumgeuzia kioo chake. Anaamini mtu haogopi sana kitu anachokiona.

"Unaona kile kiduara chenye matundumatundu, kama mkate? Huo ndio mshipa uliobaki macho."

Mwokaji anaukagua kwa jicho la kazi. "Huo umefura kupita kiasi."

Sindano inaingia polepole, dawa inauzunguka mshipa, na mkunga anaondoka na mashine yake mbiombio. Wanangoja. Kisha Mama Ganzi anamfumba mwokaji macho kwa kitambaa na kumgusa kwa pamba, mara kwenye mkono, mara hewani.

"Nimegusa?"

"Hujagusa."

Amegusa. Daktari naye anabana ngozi kwa koleo, kwa nguvu. Mwokaji anauliza wataanza lini.

Drili inapolia, Mama Ganzi amekaa kichwani pake, kiganja kwenye bega zima, sikio kwenye pumzi. Wanabishana kama unga wa jana unafaa kuchanganywa na wa leo. Daktari anaingilia kusema mkewe huchanganya, naye mwokaji anamwambia ampelekee pole.

"Mmefika wapi?" anauliza baadaye.

"Tunashona."

Mama Ganzi alianza kama muuguzi wa wodi ya mifupa. Wagonjwa waliletwa kutoka upasuaji wakiwa wamelala, wakaamka wakilia kabla hawajajua wako wapi. "Tuliwaambia wavumilie," anasema. "Nilichoka kusema neno hilo." Ndiyo maana akarudi shule.

Ndiyo maana pia huwa mkali wakati wa kuruhusu mgonjwa. Mkono uliolala haujui moto. Anamgeukia mke wa mwokaji: mumewe asisogee karibu na tanuri mpaka mkono uamke, na dawa za maumivu ameze kabla ganzi haijaisha.

"Na akikataa kukaa nyumbani?"

"Shemeji, ficha viatu."

Jioni simu ya wodi inalia.

"Sista, mkono umeamka, na unanitukana."

"Dawa umemeza?"

"Mapema, kama ulivyosema. Matusi yenyewe ni ya chinichini."

"Vidole vinacheza?"

"Vinacheza. Hata kile kidogo."

Mapacha nao walizaliwa salama. Wa pili alikuwa amekaa vizuri kuliko wa kwanza.

Anachotaka Mama Ganzi ni mashine ya pili, ibaki chumba cha upasuaji. "Si lazima iwe mpya. Iwe na magurudumu na isiwe na mwenyewe mwingine." Ikipatikana, anapanga kuwafundisha wauguzi wawili kazi yake, ili mwenye kifua kibovu asisubiri hadi Mama Ganzi awe zamu.

Haijapatikana. Asubuhi iliyofuata kuna fundi viatu juu ya meza, mkono wa kushoto umevunjika, na mkunga yuleyule amesimama mlangoni.

"Mama Ganzi, chai?"

"Subiri," anamjibu bila kugeuka. Anachovya pamba kwenye spiriti, anaushika mkono wa kulia wa fundi, ule mzima, na kuanza na kidole gumba.

"Baridi?"