Jibu Nililomnyima Mama Galina

Nakumbuka asubuhi ya mtihani wangu wa kwanza wa Kirusi, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka uso unanichoma kwa aibu. Nilikuwa kijana wa kisiwa cha Rusinga, mlokole wa kupindukia, niko huko Urusi kwa masomo. Tulikuwa tumeambiwa wazi: atakayeanguka anapanda ndege arudi kwao.

Msamiati niliujua. Daftari zima nilikuwa nimelimeza. Mwalimu wetu, Mama Galina, umri wa nyanya yangu kabisa, alisimama mlangoni akimwambia kila mmoja, "Usipate ngozi wala unyoya!" Ni maneno ya wawindaji wao wa zamani. Wanakutakia ukose mawindo, ati pepo wabaya wasisikie heri wakaiharibu. Na wewe unatakiwa umjibu, "Nenda kwa shetani!" Usicheke, nyathina, mwanangu we. Ndivyo wanavyobarikiana.

Sasa mimi nimtume mwanamke mzee kwa shetani? Mama yangu akisikia? Nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante sana, Mama." Weee! Mama wa watu alibadilika uso. Akanishika mkono, "Nijibu vizuri." Nikajitoa, nikaingia, nikijiona mtakatifu.

Mtihani wa kuongea ukanishinda. Kila nikiulizwa naona ule uso wake, maneno yanapotea. Watahini wakanitoa, wakaniambia nirudi mchana, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho.

Nikamkuta kwenye korido, hajaenda hata kunywa chai. Akanigombeza polepole, ili nielewe:

"Maneno yangu yote umeyabeba, lakini mimi mwenyewe umenikataa. Nakupa upendo wa kwetu, unanirudishia heshima ya kwenu."

Nililia, sikufichi. Mchana aliponitakia tena, nikamwambia, "Nenda kwa shetani, Mama." Akanikumbatia mbele ya watu wote, anacheka huku machozi yanamtoka. Nikaingia, nikapita mtihani.

Kwa hivyo wewe unayekuja kwangu hapa Mbita nikufunze Kirusi kabla hujasafiri, simu imejaa orodha za maneno, sikiza. Hayo maneno yana wenyewe. Usiulize tu maana yake. Uliza nani humwambia nani, na anayeambiwa husikiaje moyoni. Ukipewa neno la upendo, lipokee vile wenyewe hulipokea, hata kama linakuwasha mdomoni. Ukikosea, omba msamaha mapema.

Haya, Mungu akulegeze ulimi. Akupe huko ugenini mtu wa kukupenda, na ukimpata, umjue.