Nilivyomshuku fundi wa Kebirigo aliyepaka vanishi mandolini ya marehemu Baba

Wakuu, habari za leo. Ninayoyaandika hapa yananiaibisha mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuyatia chumvi.

Baba alikuwa mwalimu huku Nyaramba. Alipostaafu alianza kuunda mandolini kwa mkono, kwa mbao ya mvule iliyokaa darini juu ya jiko miaka mingi. Akaichonga, akaiunganisha, akafariki kabla ya kuipaka vanishi.

Ndicho kitu pekee alichotuachia kilichotoka mikononi mwake.

Mama akasema tuipeleke Kebirigo, kwa mzee mmoja anayetengeneza vyombo vya muziki. Mimi nina degree ya kemia na tabia ya kushuku kila kitu. Nilikuwa nimesikia mzee ana mandolini nyingine pale, na mbao kavu kama ile haipatikani siku hizi. Kubadilishiwa ni rahisi.

Kwa hiyo nilipitisha kalamu kwenye tundu la sauti, nikachora X ndogo ndani. Sikumwambia mtu.

Wiki ya kwanza nikamkuta hajapaka chochote. Alikuwa anailowesha kwa kitambaa, anangoja nyuzi za mbao zisimame, anapiga msasa, kisha analowesha tena.

"Mzee, mbona unatia maji kitu unachotaka kikae kikavu?"

"Momura, kijana wangu, afadhali nywele zake zisimame leo nizinyoe, kuliko zisimame chini ya vanishi. Ama huko chuo mlikuwa mnanyoa bila maji?"

Mteja aliyekaa pale alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Wiki ya tatu, Ijumaa, nikapiga simu. Akasema tabaka la mwisho analipaka alasiri hiyo, niende Jumapili.

"Kwa nini si kesho?"

"Kesho ni Sabato. Hakuna mtu anaingia pale."

Hapo nikaona nimemkamata. Kwa hesabu zangu vanishi ile ilihitaji saa chache tu. Siku nzima ya nini, kama si ya kubadilisha mali ya watu?

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa kanisani, nilienda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya tu. Nikaufungua.

Mandolini mbili zilikuwa zinaning'inia. Yetu tuliipeleka imepauka. Hizi zote zilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikaikamata ya kwanza, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia ndani.

X ilikuwepo.

Nilipokuwa naitundika tena, kidole gumba kilinata. Kilipobanduka kiliacha alama yake usoni pa mandolini, mistari yote, kama ile ya kitambulisho.

Nikafunga waya nikaondoka. Nyumbani nilisugua kidole kwa thinner mpaka kikachubuka.

Jumapili nikarudi na Mama. Mzee akatueleza bila kuulizwa: siku sita za wiki, vumbi la msasa halitulii mle ndani. Sabato ndiyo siku pekee linalala. Ndiyo maana tabaka la mwisho hulipaka Ijumaa kabla jua halijazama, akafunga. Nyayo za mtu mmoja zinatosha kuliamsha.

"Na kuna mtu aliingia," akasema, akaigeuza.

Kidole kilikuwa pale, vumbi limegandia pembeni.

Mama alishika mdomo. "Nani angemfanyia marehemu hivi?"

"Naweza kukwangua nianze upya," mzee akasema. "Lakini mwalimu aliuchonga uso mwembamba sana. Unaweza kupasuka."

Alikuwa anaongea na Mama, lakini macho yake yalikuwa kwenye kidole changu.

"Mama, ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote, na X pia.

Mama akasema, "Isikwanguliwe. Ikae hivyo, kila ukiishika ujione."

Sasa iko sebuleni. Wageni huniuliza kidole ni cha nani, na ni lazima nijibu, Mama akiwepo.

Nilichojifunza: kushuku bado nashuku, lakini siku hizi namuuliza mtu sababu yake kwanza, halafu nasikiliza jibu lote.

Jambo moja tu lilibaki kunisumbua. Kabla hatujaondoka nilimuuliza mzee mbona anafunga kazi za watu kwa waya tu.

"Miaka yote hiyo," akasema, "hakuna mtu aliwahi kuingia siku ya Sabato."

Nimepita pale juzi. Sasa kuna kufuli.

Wakuu, nyinyi mngeikwangua au mngeiacha? Hata matusi nitayasoma.