Zambarau Chini ya Kijiwe

"Njoo uone, mwanangu. Ule uvundo umekwisha kabisa." Mama mdogo aliniita roshanini kwa furaha.

Alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa, mwenye nyumba ile, huko Alexandria, na kazi hiyo ndiyo iliyotulipia chumba. Mvua zilipoingiza unyevu kwenye kabati la bibi, picha zake za Kijapani, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, zilianza kunuka ukungu. Mama mdogo akazifanyia kama tulivyofanyia magodoro na vitabu vya shule kwetu Tanga: akazianika. Wiki nzima, kila asubuhi, alizitandaza juu ya kanga, vijiwe pembeni zisipeperuke.

Nilizijua picha zile za mapenzi ya kale. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya bwana wa ikulu akimchungulia mwanamke kupitia upenyo wa ua. Mwanamke hajui. Joho lake la zambarau limemwagika hadi ukingoni mwa karatasi.

Sasa joho lilikuwa na rangi ya majivu.

"Mama mdogo, rangi imekwenda."

"Imekwenda wapi? Karatasi imekauka tu."

Nikainua kijiwe. Chini yake palibaki duara dogo la zambarau, zito kama lilivyotoka kwa mchapaji. Akaliona. Akakaa chini.

Binti wa bibi alikuwa njiani.

"Tuzirudishe kabatini," nikanong'ona. "Leo hatazitazama."

"Wewe kawaongopee wasomaji wa hadithi zako. Mimi usinifundishe."

Gari likazimwa nje. Mama mdogo akaibeba picha kwa viganja viwili, kama sinia la chai iliyojaa, akampelekea binti pale pale mlangoni.

"Nimeianika mimi. Nilidhani naiokoa."

Binti alilitazama lile duara.

"Nipe ufunguo wa nyumba," akasema.

Mama mdogo akauvua shingoni. Kisha akauliza kama amlishe bibi kwanza, maana uji ulikuwa unapoa. Binti akachukua kijiko mwenyewe. Bibi akafumba mdomo. Binti akajaribu tena, uji ukamwagikia bibi kifuani. Binti akaweka kijiko mezani, akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Mama mdogo akakichukua.

Hakuna aliyemwambia asirudi. Jumatatu alikwenda, akabonyeza kengele kama mgeni, akasimama na mkoba wake kwapani mpaka binti alipofungua.